Swali la Kumi na Moja

Goma, 16 Septemba 1957

Mademoiselle Henriette amenipa madaftari mawili. La kwanza ni la kazi. Hili la pili amesema niandike ninachotaka, yeye hatalisoma.

Kazi yenyewe ni hivi. Mademoiselle ametoka chuo kikuu cha kwao, Ubelgiji, kuja kujua watu wa Goma wanawaza nini: kama wanaamini radio, jirani, wakubwa, dispensari, kama wanaishi vizuri kuliko wazazi wao, kama wanaungoja mwaka ujao kwa furaha ama kwa woga. Maswali ya namna hii, anasema, yanaulizwa sasa katika nchi nyingi, na majibu yatawekwa pamoja. Maswali ni ishirini, kila mtu na karatasi yake, fishi. Karani Léopold atauliza wanaume. Mimi nitauliza wanawake themanini. Alinichukua pale foyer, nyumba ya mafunzo ya wamama, ninapofundisha kushona, kwa sababu najua Kifaransa na Kinande, na Kinyarwanda cha kutosha.

Jina la mtu haliandikwi. Hilo Mademoiselle alilisema mara tatu, na mara ya tatu alitutaka mimi na Léopold tuliseme kwa midomo yetu.

Donat amefurahi. Bwana yangu ni infirmier, muuguzi wa dispensari, na anapenda watu wajue kwamba muke wake pia anafanya kazi ya kalamu. Mvua ya kwanza imenyesha saa tisa.

18 Septemba

Nyumba saba za Birere, mtaa wetu. Kila swali, jibu ni ndiyo. Unaamini radio? Ndiyo. Unaamini jirani yako? Ndiyo. Mwaka ujao utakuwa mzuri? Ndiyo, Mungu akipenda. Mama mmoja alikuwa anajibu ndiyo kabla sijamaliza kuuliza, akaniletea kiti na viazi vya kuchoma. Nimerudi nimeshiba.

19 Septemba

Mvua. Nyumba mbili tu.

23 Septemba

Mademoiselle amesoma fishi zangu ishirini za kwanza.

“Apolline,” akasema, “umeniletea mji ambao hauna hata mtu mmoja mwenye wasiwasi. Mji kama huo sijauona popote.”

Shida ni mimi. Anasema ninauliza kama katekista: jibu limo tayari ndani ya swali. Akanifundisha kunyamaza. Uliza, funga mdomo, hesabu mpaka kumi moyoni. Tukajaribu, yeye akiuliza, mimi nikijibu. Kabla hajafika kumi nilikuwa nimemweleza juu ya mama yangu jambo ambalo hata Donat halijui.

25 Septemba

Kwa jirani yetu Mukamurenzi, mjane anayeuza unga wa mtama. Alinikaribisha vizuri, akapangusa kigoda kwa kikwembe chake. Nilimwuliza kama anaishi vizuri kuliko wazazi wake, kisha nikanyamaza kama nilivyofundishwa.

“Baba yangu alikuwa na ng'ombe kumi na mbili, akakufa na meno yake yote,” akasema. “Mimi niko na bati juu ya kichwa, na mutoto wangu anajua kusoma. Pima wewe mwenyewe, mama.”

Na radio?

“Radio ni mutu anayesema na huwezi kumuuliza kitu. Mutu wa namna ile namusikiliza. Kumuamini ni kazi ingine.”

Nikaandika yote kwa furaha. Kisha swali la kumi na moja: ukigonjwa, unaamini dispensari?

“Ndiyo.”

Nikanyamaza. Nilifika kumi, nikaanza tena. Mukamurenzi alikuwa anaangalia viatu vyangu.

“Mama Kasoki,” akasema polepole, akiniita kwa jina langu la Kinande, “wewe ni muke wa munganga. Andika ndiyo, twende kwa la kumi na mbili.”

Nimeandika ndiyo.

26 Septemba

Nimepitia fishi zote za Birere. Kwa swali la kumi na moja hakuna hapana hata moja. Birere nzima wananijua.

30 Septemba

Leo nilikwenda Keshero, mahali ambapo hakuna anayenijua. Sikuvaa kitambaa cha foyer. Nilimkuta mama mmoja akimenya viazi mlangoni, Mukamugema, miaka thelathini, watoto watano, wawili wa mwisho mapacha wa kike. Bwana yake anaendesha kamiyo ya kahawa, wiki nzima yuko barabarani. Jina lake naliandika hapa tu, kwenye fishi halimo.

Ni mtu wa kusema wazi. Shule kwa wasichana? “Wasome. Mimi nasaini kwa kidole, na karani ananishika mukono kama vile nashika jembe.” Jirani? “Wa kushoto ndiyo. Wa kuume, hata moto simuombi.” Tulicheka. Nikafika kwenye la kumi na moja.

“Nikiwa na yai, naamini,” akasema. “Nikikosa yai, siamini.”

“Yai la nini?”

“Wewe si wa huku? Kuko infirmier mumoja murefu, anapiga miluzi nyimbo za misa akichemusha sindano. Ukimuletea yai, ama kuku, unapata dawa. Usipoleta, unapata maji. Sindano ni ile ile, mutoto analia kilio kile kile, halafu unarudi naye nyumbani na homa yake.”

“Ulijuaje kama ni maji?”

“Dawa ya kweli ni nyeupe sawa maziwa. Mimi si kipofu.”

Donat ni mrefu. Donat anapiga miluzi nyimbo za misa. Hata leo asubuhi, akijinyoa, alikuwa anapiga.

Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Fishi ya arobaini na moja. Maswali tisa yaliyobaki nilimwuliza yote, naye akajibu yote, akanisindikiza mpaka njiani.

1 Oktoba

Tuko na kuku kumi na mmoja. Tulipooana hatukuwa na hata mmoja. Sijawahi kununua kuku.

3 Oktoba

Keshero tena. Wanawake watatu, nyumba tatu zisizokaribiana. Wote: infirmier mrefu. Mmoja alitoa mkungu wa ndizi. Sikuwauliza juu yake, nilinyamaza tu.

5 Oktoba

Njia ya Lac Vert, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wawili zaidi. Wa pili hakuonyesha hasira. Alisema dispensari haendi tena, anatumia majani, kwa sababu “majani hayana mulango wa kupiga hodi.” Mtoto wake wa kwanza alikufa mwaka jana kwa kifua. Alikuwa amechomwa sindano mbili. Hakuniambia kama sindano zile zilikuwa za maji. Hajui. Ndiyo jambo lenyewe linalomtesa, kutojua.

6 Oktoba

Tumetoka misa. Donat aliomba mayai, nikamkaangia, mimi sikula. Akaniuliza kama ninaumwa.

“Donat, haya mayai yanatoka wapi?”

“Kwa wagonjwa. Watu wakipona wanashukuru. Hata kwenu Butembo si wanashukuru?”

“Wanashukuru mbele ya sindano ama nyuma yake?”

Akaweka uma chini. Hakukasirika, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Akaniuliza kwa sauti ya kazini, ile anayowauliza nayo wagonjwa wanaumwa wapi:

“Nani alikuambia?”

“Siwezi kusema.”

“Basi hakuna mutu aliyesema.”

Akamaliza mayai yake. Mchana wote alitengeneza baiskeli ambayo haikuwa imeharibika.

8 Oktoba

Nyumba nne kazini.

12 Oktoba

Mvua kubwa ya mawe. Sikuweza kufika kwa Mademoiselle kurudisha fishi za wiki, nikaja nazo nyumbani ndani ya mfuko wa ngozi. Nimezifunga kwenye sanduku, chini ya nguo. Ufunguo niliutia kwenye sahani ya juu, kama siku zote.

14 Oktoba

Mimi hupanga fishi kwa namba. Asubuhi, nilipofungua sanduku, ya arobaini na moja ilikuwa juu.

Jina halimo. Lakini imeandikwa: Keshero, miaka 30, watoto watano, mapacha wa kike, bwana dereva wa kamiyo. Ni mwandiko wangu mzuri, ule wa kufundishia. Mapacha wa Keshero wangapi wana baba dereva?

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mademoiselle nikamweleza, bila kuficha kwamba ufunguo ulikuwa kwenye sahani. Uso wake ulibadilika rangi. Akasema kuanzia leo karatasi hazitalala kwangu. Akaanza kuandika kitu, akaacha.

“Mweleze docteur wa hospitali, mkubwa wa Donat,” nikamwambia. “Wewe atakusikiliza.”

“Siwezi, Apolline. Niliwaahidi kwamba wanayosema hayatatoka hapa na jina la mtu. Nikienda kwa docteur na fishi mkononi, kesho hakuna atakayefungua mlango, hapa wala kwingine.”

“Ahadi yako inamulinda nani sasa?”

Alifunga kalamu yake, akaifungua tena. Nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni msichana, labda ni mdogo kwangu.

15 Oktoba

Nilitaka kwenda kumwonya Mukamugema. Nilifika mpaka penye njia ya Keshero nikarudi. Ningemwambia nini? Kwamba mimi ni muke wa yule mrefu?

17 Oktoba

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda. Mukamugema alikuwa amekaa ndani, mmoja wa mapacha amelala mapajani, moto kama jiwe la jikoni, usaha ukitoka kwenye sikio la kushoto. Aliponiona alisimama.

“Nilikwenda juzi,” akasema. “Nilikuwa na yai. Yule mutu akaliangalia, akanirudishia. Akaniambia: ‘Dawa ya watu wa kusema-sema imeisha. Nenda ukamwambie yule mwenye kuandika akupatie.’ Mbele ya watu wote.” Akaniangalia usoni. “Ni wewe tu niliyemwambia.”

“Ni mimi,” nikasema. “Ni bwana yangu. Karatasi ilikuwa nyumbani kwangu, akaisoma.”

Ningependa kuandika kwamba alinitukana. Hakunitukana. Alimfunika mtoto kichwa, akageuka upande wa ukuta. Nikamwambia mtoto asikae hapa, twende hospitali kwa docteur mwenyewe, nitambeba. Nilipomchukua mtoto hakunizuia. Tukaenda kwa miguu, mvua ikitunyeshea tangu Keshero mpaka mjini, yeye mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Pacha mwingine aliachwa kwa jirani wa kushoto. Njia nzima hakugeuka kuniangalia, ila alipokuta jiwe linaloteleza alisimama akangoja mpaka nilipolivuka, kwa ajili ya mtoto.

Docteur alimpokea mara moja. Alimchoma dawa nyeupe. Niliiona, na Mukamugema aliikazia macho mpaka tone la mwisho. Kisha docteur akauliza kwa Kiswahili chake cha haraka:

“Siku ngapi mutoto anaumwa?”

“Tano.”

“Siku tano, na dispensari iko pale karibu. Kwa nini nyinyi wamama mnangoja mpaka mutoto anataka kufa? Mnaogopa sindano?”

Mukamugema aliangalia sakafu. Nilijua hatasema. Alisema mara moja, akaona faida yake. Docteur alianza kunawa mikono, swali lenyewe alikuwa amelimaliza. Angekausha mikono akaenda zake, na mwaka mzima angeendelea kusema kwamba wamama wa Keshero wanaogopa sindano.

“Docteur,” nikasema kwa Kifaransa, “hakungoja. Alifukuzwa.”

“Wewe ni nani?”

“Mimi ni muke wa Donat, infirmier wako.”

Nikamweleza. Sikutaja fishi, wala Mademoiselle, wala mwanamke yeyote. Nilitaja vitu vya nyumbani kwangu: kuku, mayai, ndizi, mafuta. Nilisema nimevila. Docteur akaniuliza kama ninajua ninachofanya. Kama bwana yangu ananipiga. Kama kuna mwanamke mwingine. Nikajibu hapana kwa yote mawili ya mwisho. Kwa lile la kwanza nilijibu sijui.

Akamtuma mtu akamwite Donat.

Donat aliingia na koti lake jeupe, akiwa amelowa mabega. Alimwona Mukamugema, akaniona mimi, akaelewa. Docteur alimwuliza kama ni kweli. Nilifikiri atakataa. Lilikuwa neno lake na neno langu, na neno la infirmier wa miaka tisa lina uzito.

“Mayai ni kweli,” Donat akasema.

“Na maji?”

“Na maji.”

Docteur akamwuliza kwa nini. Donat alisema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia tangu tuoane. Dawa inaletwa Jumatatu, Alhamisi imeisha. Aliandika barua tatu kuomba iongezwe, akajibiwa asimamie vizuri alichonacho. Mlangoni watu wanaendelea kuja, hakuna anayekubali kurudi bila sindano. Mwanzoni alichoma maji siku ya Ijumaa tu, ili waende wametulia. Baadaye akaanza kuchagua Jumatatu nani atapata ya kweli.

“Ukichagua,” akasema, “unatafuta alama ya kuchagulia. Nilichagua wanaoleta kitu.”

“Na huyu mama?” docteur akauliza.

Juzi, alipomfukuza, ilikuwa Jumanne. Dawa ilikuwepo.

Donat alivua koti, akalikunja vizuri kama anavyolikunja kila siku, akaliweka juu ya kiti.

18 Oktoba

Donat hakwenda kazini. Alichinja kuku mmoja, kisha akaniomba niwapeleke wengine kumi kwa watu. “Watu gani?” nikamwuliza. “Wewe unawajua,” akasema. “Sitakuuliza majina.”

Niliwapeleka kwa masista, wagawiwe wagonjwa. Kuku hana alama ya mwenyewe.

21 Oktoba

Mtoto anapona. Sikio la kushoto halitasikia, docteur amesema. Mukamugema aliniambia habari hiyo akiwa amesimama mlangoni pake, bila kunikaribisha. Nimekubali.

1 Novemba

Watakatifu wote. Donat amekwenda. Wamempa kazi ya kufagia na kuchemsha vyombo kwenye kituo kidogo upande wa Masisi, na hata hiyo ameipata kwa sababu alikubali makosa mwenyewe. Nyumba hii ni ya kazi, kwa hiyo tunaiacha. Aliniuliza kama nitamfuata. Nilimwambia kwanza nimalize wanawake wangu themanini, baada ya hapo sijui. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu baya zaidi. Alipopanda kamiyo alinishukuru. Sikumwuliza ananishukuru kwa nini.

Katika miaka yote nilidhani ninaishi na mtu mwema. Halafu kwa wiki mbili nilidhani ninaishi na mwizi. Sasa ameondoka, na ninaona sikuwahi kumwuliza hata siku moja kazi ilikwendaje.

4 Novemba

Nimehamia kwa Mukamurenzi, chumba cha nyuma. Aliniambia: “Andika upya lile la kumi na moja.” Nikamwambia fishi yake imeshapelekwa. “Basi ujue tu,” akasema.

20 Novemba

Wanawake themanini wametimia. Mademoiselle ametuonyesha hesabu yake kabla ya kurudi Ulaya. Kwa swali la kumi na moja: wanaoamini dispensari, sabini na mmoja kati ya themanini. Ameandika pembeni kwamba hali ni nzuri kuliko ilivyotegemewa.

Nikamwambia arobaini wa kwanza walikuwa wanamjibu muke wa infirmier. Akasema ataeleza chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Nikamwuliza kama watu wa nchi nyingine wanaolinganishwa nasi wanasoma herufi ndogo.

“Wachache,” akasema. Kisha akafuta lile neno “nzuri” kwa kalamu, akaacha nafasi tupu. Nilimpenda kwa ajili ya nafasi ile.

27 Novemba

Mvua siku nne. Barua ya Donat, mistari sita. Anasema kule baridi ni kali na wanaleta dawa mara moja kwa mwezi.

12 Desemba

Mukamurenzi ana kikohozi, nikampeleka dispensari. Infirmier mpya anaitwa Védaste, kijana wa Rutshuru, mpole, hapokei hata ndizi moja. Nje, kwenye mbao za kukalia, walikaa wanawake labda ishirini na watoto wao, na Mukamugema alikuwa kati yao na pacha yule mwingine.

Saa nne Védaste akatoka, akasema kwa heshima: “Wamama, mutanisamehe. Dawa ya sindano imeisha. Murudi Jumatatu.”

Hakuna aliyesimama. Hawakupiga kelele. Walibaki wamekaa, wakimwangalia mikono. Alirudia. Mama mmoja akasema, bila ubaya, “Tuambie tu unataka nini.” Védaste akageuka huku na huku, macho yakamjaa maji.

Ndipo Mukamugema akanigeukia. Hakuwa amewahi kunitaja kwa jina.

“Mama Kasoki, ingia uangalie.”

Védaste akanipisha. Niliingia, nikafungua kabati, nikatazama rafu zote nne, nikainama kuangalia chini ya meza na nyuma ya jiko la kuchemshia. Chupa zilizokuwepo zilikuwa tupu. Nilizishika moja moja juu ya mwanga wa dirisha. Nilichukua muda wangu, maana nilijua nikishatoka hakuna atakayeangalia tena baada yangu.

Nikatoka. Wote walikuwa wananingoja.

“Imeisha,” nikasema.

Walisimama. Walifunga watoto migongoni, mmoja baada ya mwingine, wakaniaga kwa adabu, wakaingia kwenye mvua kurudi nyumbani bila dawa.